Mjadala: Kuuza vyombo vibovu vya umeme kupigwe marufuku, au muuzaji alazimishwe kutaja ubovu?

Wadau, kila aliyewahi kuuziwa kimeo huja na jibu moja: biashara hii ipigwe marufuku. Vyombo vilivyokufa viende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, vinavyouzwa viwe vizima tu. Hasira hiyo naielewa, ila sikubaliani na dawa yake.

Kitu kibovu kina thamani. Feni inayounguruma bila kuzunguka mpaka uisukume kwa mkono, mara nyingi imekufa kapasita tu (kifaa kidogo kinachotunza chaji ya umeme na kuisaidia mota kuanza kuzunguka), na kwa fundi hiyo ni kazi ndogo. Mashine ya kufulia iliyoungua bodi ya saketi inaweza kuwa na mota, pampu na ngoma nzima kabisa, na yupo mtu mwenye mashine ya aina hiyohiyo anayehangaika kutafuta pampu ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza. Tukipiga marufuku, vyote hivyo ni dampo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo.

Kinachoniumiza ni ubovu unaofichwa. Friji inavuja, muuzaji anaijaza gesi bila kuziba tundu. Siku ya mauzo inagandisha, mnunuzi anaiona barafu kwa macho yake. Baada ya muda friji ni kabati, na nyama imeoza ndani. Ukirudi unaambiwa, "Si uliijaribu mwenyewe?" Huo ni wizi. Hoja ya kwamba mnunuzi afungue macho naikubali kwa mikwaruzo na mlango uliobonyea. Tundu kwenye bomba macho hayalioni.

Kwa hiyo napendekeza ubovu uandikwe kwenye risiti. Asiyejua ugonjwa aandike dalili: "inawaka lakini haigandishi", au "ikichomekwa inakata umeme wa nyumba nzima". Hiyo ya pili isiachwe kamwe, kwani huenda umeme unavujia kwenye ganda la chuma la chombo, na anayekuja kuigusa kwa mikono yenye maji anaweza kufa.

Kuna vitu ningevibana zaidi. Kapasita ya mikrowevu inaweza kubaki na chaji ya kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Friji nyingi za siku hizi zina R-600a, gesi inayoshika moto, kwa hiyo kukata bomba lake karibu na cheche ni hatari. Hivi vikiwa vibovu viuzwe kwa fundi tu, visiuzwe kwa mtu anayetaka kujaribu bahati na bisibisi sebuleni.

Sasa nipingeni hapa, maana najua patawaka: je, mtu anayeuza pasi yake moja ya nyumbani abebe jukumu sawa na mwenye duka? Mimi nasema kwenye hatari, ndiyo. Kama anajua inapiga shoti akanyamaza, awajibike kama muuzaji mwingine yeyote. Lakini kwa ubovu wa kawaida ambao hakuujua, duka lirudishe pesa, yeye asilazimishwe. Wenye maoni tofauti, hasa mafundi na wanaonunua vibovu kwa ajili ya spea, mngeweka mpaka wapi?