Mchungaji wa mpito anaanza Jumapili: tusikae kando safari hii

Kutoka: Katibu, ibada ya Kiswahili
Kwa: Washarika wote, Minneapolis na St. Paul

Bwana Yesu asifiwe wapendwa,

Jumapili hii mchungaji wa mpito anaanza kazi. Tangu mchungaji wetu atuage nimepokea simu nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: huyu anayekuja ndiye mchungaji wetu wa kudumu? Hapana, siye. Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana wengi wetu tumelelewa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kule mambo haya huenda kwa njia nyingine kabisa.

Nyumbani mchungaji hupangwa. Dayosisi inaamua, barua inasomwa kanisani, Mkuu wa Jimbo anakuja kumwingiza kazini, kwaya zinaimba, matarumbeta yanalia, na wiki inayofuata tumeshamzoea. Hapa Marekani, ndani ya ELCA, kanisa la Kilutheri tulimo, usharika wenyewe ndio unaoita mchungaji. Askofu wa sinodi, ambayo ni kama dayosisi kwetu, anashauri na kuleta majina, kamati ya wito inawahoji, halafu washarika wanakutana na kupiga kura. Asipopata theluthi mbili ya kura za waliopiga, haitwi. Ni safari ya miezi mingi, na si ajabu ikapita mwaka.

Katika miezi hiyo yote lazima awepo wa kutulisha Neno. Ndipo askofu huteua mchungaji wa mpito, kwa ridhaa ya baraza la usharika. Anayo kazi yote ya mchungaji: anabatiza, anaongoza Meza ya Bwana, anafunga ndoa, anazika, anakaa barazani. Ila haruhusiwi kuvuta watu upande wowote katika kumtafuta mchungaji ajaye. Na yeye mwenyewe hawezi kuitwa awe wetu wa kudumu, isipokuwa kama baraza la sinodi lilikubali hivyo kabla. Kwa hiyo nawasihi, asiwepo wa kumnong'oneza baada ya ibada kwamba "wewe baki tu". Tutamweka mahali pagumu.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu. Usharika ulipobadilisha mchungaji mara iliyopita, sisi tulikuwa familia chache, na tulikaa kando. Tulijiona wageni, tukasema wenye kanisa wataamua. Kuna maandishi yanayoitwa wasifu wa usharika, ambayo kila mchungaji anayefikiria kuja huyasoma: sisi ni nani, tunaabudu vipi, tunahitaji nini. Yale ya safari ile yalitoka bila neno hata moja kuhusu ibada ya Kiswahili. Mchungaji aliyeitwa alifika akakuta watu wanaimba saa nane mchana kwa lugha asiyoijua, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Alitupenda, hilo mnalijua. Lakini ilichukua miaka miwili kabla hatujapewa ufunguo wa jiko.

Wasifu unaandikwa upya, na mchungaji wa mpito ndiye atakayetusaidia kuuandika. Kamati ya wito ina watu sita, nao huchaguliwa na mkutano wa usharika. Mkutano ni Jumapili ya tatu kuanzia hii, saa tano na nusu asubuhi, mara baada ya ibada ya Kiingereza. Naomba tuwe humo ndani ya ukumbi, na naomba mmoja wa hao sita awe wa kwetu.

Katibu

---

Kutoka: Kaka wa Brooklyn Park

Asante sana katibu. Nina maswali. Nimesali hapa miaka minne lakini sijawahi kujaza karatasi yoyote, je, naruhusiwa kupiga kura? Jumapili hiyo nina zamu mpaka saa nane, mke wangu anaweza kunipigia? Na la tatu naliuliza kwa sababu wapo wanaoliogopa: wakili wa mambo ya uhamiaji alituonya kwamba asiye raia akipiga kura Marekani anajiharibia kila kitu. Hii ya kanisa je?

---

Kutoka: Mhazini

Wapendwa, nianze na hilo la mwisho, maana hofu yake ni kubwa. Onyo la wakili ni la kweli, lishikeni, lakini linahusu uchaguzi wa serikali. Kura ya kanisa ni ya washarika. Haiulizi uraia, wala kadi ya kijani, wala aina ya viza.

Sasa nani anaruhusiwa. Katiba ya usharika wetu inasema mpiga kura ni msharika mwenye kipaimara ambaye, mwaka huu au mwaka uliopita, ameshiriki Meza ya Bwana hapa kwetu na ametoa sadaka iliyoandikwa. Naomba mkae na neno hilo: iliyoandikwa. Sisi tunatoa, tena tunatoa sana. Nimesimama mlangoni na kapu nikaona noti za ishirini zikidondoka. Lakini noti isiyo na bahasha haina jina, na kwenye daftari inaingia kama sadaka ya kapu, basi. Jana usiku nilikaa na daftari hadi saa sita. Kati ya watu wazima wanaokuja saa nane kila Jumapili, walioandikwa hawafiki nusu. Wamo akina mama wanaopika kila mwezi, wamo wanakwaya, wamo walionunua kinanda kwa fedha zao. Kwa katiba, hao wote hawana kura. Nilisikitika mno.

Nyumbani jambo hili tunalijua vizuri. Kila mtu ana bahasha yenye namba, ana ahadi yake, na mzee wa mtaa anajua namba ya nani imekaa kimya. Tulipofika hapa tukaacha desturi hiyo uwanja wa ndege. Basi tuirudishe. Bahasha ziko kwenye meza ya nyuma, namba mtapewa na mimi. Katiba haitaji kiasi. Dola moja ndani ya bahasha yenye jina lako inatosha kukuandika. Anayependa kutoa kwa benki, mashine inaandika jina yenyewe. Januari kila mmoja atapata taarifa ya matoleo yake yote ya mwaka.

Kaka, kwa upande wako kuna hatua kabla ya bahasha. Kuja kanisani miaka minne hakujakufanya msharika kwenye vitabu. Kama unaweza, mwandikie mchungaji wa usharika wako wa nyumbani akutumie barua ya uhamisho. Kama barua itachelewa, unaweza kupokelewa kwa kukiri imani mbele ya usharika. Baraza linakaa Jumanne ijayo, kwa hiyo nipe jina lako na la mama watoto kabla ya Jumatatu jioni.

Kuhusu zamu: kura haipigwi kwa niaba ya mtu mwingine, wala haitumwi mapema. Lazima uwepo. Wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee na hospitali, ombeni kubadilishana zamu leo. Tarehe mnayo mapema kwa sababu katiba inataka mkutano utangazwe siku kumi kabla. Tumieni siku hizo.

Mhazini

---

Kutoka: Mzee wa kanisa, St. Paul

Watoto wangu, salamu. Nimesoma yote. Nami nina swali ambalo wengi mnalo ila hamliandiki: kwa nini tusiombe mchungaji kutoka nyumbani? Tuna wachungaji waliosoma, wanaojua liturujia yetu, wanaojua kuongoza ibada ya mazishi kwa Kiswahili na kukaa na wafiwa hadi usiku. Kwa nini tumpokee mtu wa miezi michache asiyejua hata kusema "Bwana awe nanyi" kwa lugha yetu?

Halafu nasikia mtu anasema sisi ni wageni hapa. Babu yangu alibatizwa Uchagani na Wajerumani wa misheni ya Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Wajerumani walipoondolewa, waliokuja kushika kazi ile walikuwa Walutheri wa Augustana, Wamarekani wenye asili ya Uswidi, ambao sharika zao zilijaa hapahapa Minnesota. Na tangu 1987 sinodi hii ya St. Paul iko bega kwa bega na Dayosisi ya Iringa. Bega Kwa Bega ndilo jina lenyewe la ushirika wao. Nani basi mgeni wa nani?

---

Kutoka: Katibu, ibada ya Kiswahili

Shikamoo mzee wangu. Historia uliyoitaja nitaomba uisimulie mwenyewe mbele ya kamati ya wito, kwa mdomo wako.

Kuhusu kuleta mchungaji, sipingi, ila tujue njia ilivyo. Mchungaji wa nyumbani anahitaji kwanza ruhusa ya askofu wake. Upande wa serikali, usharika ndio unaomwombea viza ya watumishi wa dini, ile ya R-1. Hutolewa kwa miezi isiyozidi 30 kwanza, kisha inaweza kuongezwa, na jumla haipiti miaka mitano. Maofisa wa uhamiaji huweza kuja kukagua kanisa kuona kama lipo kweli na kama lina uwezo wa kumtunza. Na bado sinodi itataka kumpokea kwa utaratibu wake. Hayo yote hayafanyiki kabla ya mwezi ujao, na wagonjwa wetu wako kitandani leo.

Ila tunaweza kuandika ndani ya wasifu kwamba usharika huu unahitaji mtumishi anayejua Kiswahili, hata kwa nusu ya muda. Likishaandikwa, aliye na lugha hiyo atalisoma. Lisipoandikwa, hata akiwepo Chicago hatajua kwamba tunamtafuta.

---

Kutoka: Mama mapacha

Wapendwa, nisameheni nalileta langu katikati ya mambo ya kura. Mnajua nimefiwa na mama yangu Jumatano, Kasulu. Siwezi kusafiri, karatasi zangu haziniruhusu. Tunaweka ibada ya faraja nyumbani kwangu Ijumaa jioni. Nilimpigia mchungaji wetu aliyeondoka, yeye ndiye aliyewabatiza wanangu na alimjua mama kwa simu. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuja kuongoza. Nimelia. Nimekosa nini?

---

Kutoka: Katibu, ibada ya Kiswahili

Pole sana dada yangu. Hujakosa lolote, wala yeye hakukutupa. Mchungaji akishaaga usharika, utaratibu wa kanisa hapa unamtaka asirudi kufanya kazi ya kichungaji humo bila kualikwa na mchungaji aliyepo, ili anayefuata apate nafasi ya kuwa mchungaji kweli. Najua kwetu ni ngumu kuipokea. Mchungaji aliyebatiza watoto ni ndugu. Nimeongea na mchungaji wa mpito asubuhi hii. Bado hajaanza rasmi lakini amesema atakuja Ijumaa. Mzee wetu atasoma liturujia kwa Kiswahili, mchungaji wa mpito atahubiri kwa ufupi, nami nitatafsiri. Ameuliza mwenyewe kama mngependa yule mchungaji wa zamani aje akae nasi kama mfariji. Nimemjibu ndiyo.

---

Kutoka: Bibi wa kwaya

Jumapili chakula ni pilau, kachumbari, ndizi za kupika na maandazi. Wenzetu wa ibada ya Kiingereza wanaleta vyao, sahani zote meza moja, tusitenge. Mwenye sufuria kubwa anijulishe. Vitenge vya kwaya ni vile vya bluu. Tunaimba wimbo mmoja akiingia na mmoja akishabarikiwa. Najua kuna wanaosema sherehe tumwekee yule wa kudumu. Mimi nasema mtu anayekubali kuja kulea nyumba isiyo yake kisha aondoke, huyo ndiye wa kupigiwa vigelegele.

---

Kutoka: Mzee wa kanisa, St. Paul

Bibi, sufuria ninayo. Kuhusu Ijumaa, nilikuwepo. Mchungaji wa mpito alifika kabla ya watu wengi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi chini na akina mama. Hakusema chochote kwa muda mrefu. Niliyoandika juzi kuhusu kujua lugha, sehemu yake naiondoa. La wasifu silitoi, lazima liandikwe, na nitakuja kulisimamia.

---

Kutoka: Mama mapacha

Asanteni wote mliokuja na mliotuma rambirambi. Fedha zimefika Kasulu, mazishi yamefanyika jana, tuliyaona kwa video. Wote wawili walikuwa sebuleni kwangu Ijumaa, wa zamani na wa mpito, wamekaa kwenye mkeka mmoja. Wa mpito aliniomba nimwandikie jina la mama kwenye karatasi ili alitamke sawasawa Jumapili kwenye maombi, akalifanyia mazoezi na wanangu mpaka likakaa.

Mhazini, bahasha yangu ni namba ngapi? Siku ya mkutano natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi. Nitalala kidogo kwenye gari pale kanisani, anayepita aniamshe saa tano.