Mwaka mzima wa "dharura ya bunduki" New Mexico: nani alimpa Gavana kalamu ya Bunge?

Wakuu, salaam.

Jambo hili, la Gavana kutukataza kubeba bunduki kwa amri ya dharura, nimekaa nalo kifuani tangu Septemba 2023. Leo naliweka hapa maana limenichosha.

Naishi Albuquerque, mji wa jimbo la New Mexico hapa Marekani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kazi yangu ni kufunga duka usiku. Duka lenyewe liko Central Avenue, ile barabara ya zamani ya Route 66, na aliyewahi kupita pale saa tano za usiku anajua ninachosema. Nikishavuta geti na kufunga kufuli zote mbili, zinabaki hatua kama arobaini kulifikia gari, na kwapani nina bahasha ya mauzo ya siku nzima. Mwenzangu aliyeshika zamu hiyo kabla yangu alipigwa kitako cha bastola usoni ndani ya hizo hatua arobaini. Jicho lake la kushoto mpaka leo linaona ukungu.

Ndiyo sababu niliomba leseni. Wale mnaodhani Marekani yote bastola unaitia kiunoni kama simu, sikilizeni: hapa ukitaka kuibeba kwa kificho lazima uwe raia, uwe umefikisha miaka 21, ukae darasani saa 15 pamoja na kupiga shabaha, utoe alama za vidole, na rekodi zako zichunguzwe. Mimi nilisubiri kwanza uraia. Nikala kiapo, nikalipia darasa kutoka kwenye mshahara wa dukani, nikafuata kila hatua bila kumhonga mtu wala kuruka foleni.

Halafu Ijumaa, tarehe 8 Septemba 2023, Gavana Michelle Lujan Grisham anasimama mbele ya kamera na kutangaza kwamba kwa siku 30 hakuna kubeba bunduki hadharani Albuquerque na kaunti yote ya Bernalillo, iwe wazi au kwa kificho, hata kama una leseni. Polisi na walinzi wenye vibali ndio walioachwa. Faini ni hadi dola 5,000. Maandishi ya katazo hilo hayakuutaja mji wetu kwa jina. Yaliweka vigezo, kimojawapo uhalifu wa kutumia nguvu kufikia matukio 1,000 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na ukipiga hesabu unakuta vimetuangukia sisi tu.

Niseme wazi kilichomsukuma, ili asije mtu kuniambia sina utu. Siku mbili kabla, mtoto wa kiume wa miaka 11 aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari na familia yake, wametoka kutazama besiboli. Mwezi uliotangulia, binti wa miaka 5 alipigwa risasi usingizini. Mimi ni mzazi. Usiku ule nilienda kuwatazama wanangu wamelala nikashindwa kutoka chumbani kwao. Hasira ya Gavana juu ya vifo vile naielewa, na uchungu ule ni wangu pia.

Ninachokataa ni njia aliyopita. Alichukua sheria ya dharura za afya ya umma, akatangaza kwamba risasi ni dharura ya afya, na masharti ya nani abebe silaha na nani asibebe yakatoka kwa katibu wa afya wa jimbo. Wizara ya chanjo na hospitali! Hakuna mswada uliosomwa, hakuna kamati iliyomwita hata mwananchi mmoja kutoa maoni, hakuna mbunge aliyenyoosha mkono. Tulilala na haki, tukaamka haipo.

Na Katiba ya New Mexico, Ibara ya 2, kifungu cha 6, inasema hakuna sheria itakayopunguza haki ya raia kumiliki na kubeba silaha kwa ajili ya usalama na kujilinda. Ni kweli, kifungu hichohicho kinasema hakitoi ruhusa ya kubeba kwa kificho, ndiyo maana Bunge likaweka utaratibu wa leseni. Lakini kinaendelea kusema kwamba hakuna mji wala kaunti itakayoingilia haki hiyo kwa namna yoyote. Meya tuliyemchagua amekatazwa. Baraza la kaunti tulilolichagua limekatazwa. Katibu wa afya ambaye hakuna aliyempigia kura, yeye aruhusiwe na nani?

Ngoja niwaambie siku zile zilikuwaje kwa mtu wa chini. Jumamosi asubuhi nilipiga simu ofisi moja ya umma kuuliza: mimi mwenye leseni, nikitoka dukani na bastola nakamatwa au sikamatwi? Mama aliyepokea akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bwana, muulize wakili wako." Wakili! Mimi nauza soda na betri. Nikaiacha bastola nyumbani, ndani ya sanduku lake, maana dola 5,000 sina na sikula kiapo nije kuvunja amri.

Jumatatu usiku natoka, naona pikapu nyeupe imesimama pembeni ya gari langu, taa zimezimwa, injini inanguruma. Kioo kimeshushwa nusu, moshi wa sigara unatoka. Nikasimama mgongo ukiwa kwenye geti, funguo nimezibana katikati ya vidole, bahasha nimeitia ndani ya shati. Sijui nilisimama dakika ngapi. Pikapu ikaondoka polepole, taa ikaziwasha kwenye kona. Labda alikuwa anamsubiri mkewe. Lakini hebu niambieni, mwenye nia mbaya usiku ule alikuwa amesoma amri ya Gavana? Mimi ndiye niliyeisoma.

Tena msidhani ni kelele za chama pinzani. Sherifu wa Bernalillo, John Allen, ni Mdemokrati kama Gavana, alikataa kuitekeleza amri hiyo. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Raúl Torrez, Mdemokrati, aliandika barua kwamba hatamtetea mahakamani. Ted Lieu, mbunge Mdemokrati kutoka California, alisema hadharani kwamba amri inavunja Katiba ya Marekani. Mpaka David Hogg, kijana aliyenusurika mauaji ya shule ya Parkland na anayepigania sheria kali za silaha tangu siku ile, naye aliipinga. Tarehe 13 Septemba, Jaji David Urias wa mahakama ya shirikisho, aliyeteuliwa na Rais Biden, akaizuia.

Hapo mtu mwingine angejirudi. Gavana siku mbili baadaye akaiandika upya, akaibana kwenye bustani za umma na viwanja vya kuchezea watoto. Desemba jaji mwingine, Kea Riggs, akaizuia upande wa bustani na kuacha viwanja vya watoto. Na dharura yenyewe? Ilihuishwa mwezi baada ya mwezi, mpaka Oktoba 2024 ndipo ikaachwa iishe. Dharura ya mwaka mzima, wakuu. Kwetu moto ukiwaka mwaka mzima hatuuiti tena dharura.

Wanaomtetea husema Bunge lilikuwa likizo. Wabunge wa jimbo hili kweli hawalipwi mshahara, hukaa siku 60 mwaka mmoja na siku 30 mwaka unaofuata. Lakini Gavana ana mamlaka ya kuwaita kikao maalumu wakati wowote. Julai 2024 aliwaita kuhusu uhalifu, wakakaa saa chache tu na kutawanyika siku ileile, na hao wengi wao ni wa chama chake! Basi jibu tunalo. Anajua akiwapelekea mambo yake watauliza maswali, ndiyo maana ile amri ya 2023 hakuwapelekea.

Mfano wa pili. Mwaka 2024 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kusubiri siku 7 ukinunua bunduki, ikaanza Mei mwaka huohuo. Siipendi. Naiona inamkwamisha mwanamke aliyetishwa leo na mume wa zamani. Lakini ilisomwa, ikabishaniwa, ikapigiwa kura, na mbunge wangu najua alipigaje. Nikaifuata. Nikitaka ifutwe najua mlango wa kugonga.

Wengi wenu mko nyumbani Tanzania na mtaniambia bunduki zote zichomwe, yaishe. Sawa, huo ni mjadala mwingine. Mimi nawauliza ninyi mnaoijua ile Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inayompa mkuu wa wilaya uwezo wa kukuweka ndani saa 48. Mnajua inavyotumika kwa watu waliojibu vibaya mkutanoni. Mamlaka ya mtu mmoja yakishapata jina zuri, usalama, afya, utulivu, hayana breki. Nilidhani hayo nimeyaacha uwanja wa ndege.

New Orleans baada ya kimbunga Katrina, mwaka 2005, polisi walipita wakiwanyang'anya raia silaha zao halali wakati mji umezama na huduma ya polisi yenyewe imesambaratika. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaweka sheria ya kukataza unyang'anyi wa namna hiyo wakati wa maafa. Walimwona mtawala amevuka mpaka, wakauandika mpaka. Sisi hapa tunasubiri majaji watuokoe kila mara, na kesi ni fedha na miezi.

Ninachotaka ni kifungu kifupi: amri yoyote ya dharura ife baada ya siku chache Bunge lisipoiidhinisha, na isiguse haki iliyoandikwa kwenye Katiba. Imguse gavana huyu na yeyote atakayemfuata, wa chama chochote.

Kikao cha kawaida cha Bunge la jimbo hufunguliwa kila Januari. Mlioko Albuquerque, Las Cruces, Santa Fe, na ndugu zetu Wakongo mlioapishwa uraia miaka hii, kila mmoja ana mbunge wake. Wangu nimempigia mara tatu. Jumatatu, kabla ya zamu, nampigia ya nne.