Tunaambiwa maji ya kisima "yamepimwa", mbona aseniki haimo kwenye karatasi?

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kijijini kwetu, wilayani Chunya, tulichimbiwa kisima kirefu, tukachangishwa fedha za kuendesha pampu, na tangu siku bomba lilipofunguliwa kila anayeuliza usalama wa maji hujibiwa neno moja: yamepimwa. Wiki iliyopita nilibahatika kuonyeshwa karatasi yenyewe. Tope limo, rangi imo, chumvi imo, vimelea vya kinyesi vimo. Aseniki, sumu itokayo kwenye miamba, haimo. Si kwamba imeandikwa sifuri. Mstari wake haupo kabisa.

Ingekuwa mahali pengine ningesema wamepitiwa. Lakini hapa ni ukanda wa dhahabu wa Lupa, na mwamba wa dhahabu mara nyingi huambatana na madini ya salfa, ambayo baadhi yake hubeba aseniki. Mwamba huo ukishapondwa kwenye karasha na marudio yake, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa baada ya dhahabu kutolewa, yakarundikwa wazi, hewa na mvua huyavunja madini hayo na sumu ikapata njia ya kushuka ardhini. Na hata pasipo mgodi, maji ya chini yanaweza kuichota mwambani yenyewe. Kutoka kisimani kwetu hadi karasha la karibu ni mwendo wa dakika kumi, nimeutembea kwa miguu yangu.

Lililoniudhi kuliko yote ni jibu tulilopewa kwenye mkutano wa kijiji. Mama mmoja alisimama, akamsalimu mtaalamu kwa heshima zote, kisha akamuuliza kuhusu sumu ya machimboni. Salamu ilijibiwa. Swali likajibiwa kwa "chemsheni maji". Jamani, kuchemsha huua vijidudu, ilhali aseniki si kiumbe hata ife: maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, aseniki hubaki, na kila kikombe kilichosalia hubeba zaidi ya kile cha mwanzo. Vidonge vya klorini navyo haviiondoi. Haina rangi, harufu wala ladha, na madhara yake huchukua miaka kujitokeza: madoa ya ngozi, viganja na nyayo kukakamaa, hatimaye saratani za ngozi, kibofu na mapafu.

Bangladesh walichimba visima vingi tangu miaka ya 1970 ili watu waepuke maradhi ya maji ya madimbwi, na ni miaka ya 1990 ndipo ilipobainika kwamba mamilioni walikuwa wakinywa aseniki kutoka kwenye visima hivyohivyo. Nao hawakuwa wamepima aseniki.

Sisemi kisima chetu kina sumu. Nasema hakuna anayejua, na anayesema anajua anatudanganya. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Nataka sampuli ichukuliwe bombani mbele yetu, na tarakimu ya kisima chetu ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Ikizidi 10, tuanze kuzungumzia chanzo kingine au chujio la oksidi ya chuma, pamoja na nani atalipia kubadilisha chembe zake za kuchujia zinapochoka.

Jumatatu narudi ofisini na barua yenye saini za kaya 43. Mwenye kujua ada ya maabara kwa kipimo cha aseniki pekee aiweke hapa, maana wakikataa tumekubaliana kuchanga wenyewe.