Mrejesho: tochi ya mfukoni ya kila siku kwa vumbi la Dodoma

Wakuu, niliuliza tochi gani ya mfukoni itahimili vumbi la Dodoma na kufaa umeme ukikatika usiku. Asanteni sana. Nimechukua ya alumini, betri moja inayotoka ya 18650 (aina ya betri ya lithiamu ya kuchajiwa), chaji ya Type-C.

Ushauri wa kupima betri kabla ya kulipa ulikuwa dhahabu. 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65 hivi, na nyingi zilizo bora huwa na mAh (kipimo cha chaji inayobeba) 3,500 au 3,600. Iliyoandikwa 9,900 ni uongo mtupu. Mizani ya jikoni huiumbua: nzima ina gramu 45 hivi, ya gramu 30 iacheni hapohapo.

Kuhusu vumbi, alama ya kinga IPX8 inazungumzia maji tu. Hiyo X maana yake vumbi halikupimwa. Tafuteni IP68, 6 ni ya vumbi na 8 ni ya maji. Hata hiyo, ukiifungua kubadili betri, vumbi huingia kwenye nyuzi za mfuniko wa nyuma, tochi ikaanza kupepesa ukiitikisa, na watu hudhani taa imekufa. Futa nyuzi na ukingo wa bomba kwa kitambaa chenye spiriti, kisha paka grisi ya silikoni kidogo kwenye oringi (mpira wa duara unaoziba mfuniko). Mafuta ya mgando hapana, huvimbisha baadhi ya mipira.

Lumeni (kipimo cha mwanga) 150 zinatosha kutembea usiku. Mwanga wa juu kabisa hupasha moto na kujipunguza wenyewe.

Mfukoni, legeza mfuniko robo mzunguko isijiwashe. Jaribu dukani, si zote zinakubali.