Re: Haja ndogo kutoka yenyewe baada ya kuzaa, mlioko Uingereza nisaidieni

*Kutoka kwa: Mama pacha, Leicester (kwa sasa Amu, yaani Lamu)*

Assalaam alaykum dada zangu. Nimewaleta watoto waonwe na bibi zao, wana miezi minne. Nikicheka, nikikohoa, nikishuka ngazi za darini, haja ndogo inanitoka. Juzi nimepanda boti Mokowe kwa kuruka kidogo tu, buibui likalowa. Udhu haukai. Mama ananiambia nifunge mkanda wa tumbo zaidi. Nikirudi Leicester nianzie wapi? Naona haya kumwambia daktari mwanamume.

*Kutoka kwa: Dada wa Langoni, Birmingham*

Waalaykum salaam mdogo wangu, pole sana. Mimi jambo hili nilikaa nalo miaka mitatu tangu uzazi wangu wa pili. Nilivaa pedi kila siku, na nilikijua kila choo kati ya nyumbani na kazini. Daktari wa kwanza niliyemweleza alinijibu kuwa uzazi ndivyo ulivyo, nizoee. Nikazoea kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana tiba ilikuwapo na wala haikuwa ya kumeza.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyosukwa kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa kinena mpaka kifandugu. Juu yake vimelala kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo. Mimba na uzazi huilegeza. Kitanda cha kamba kikilegea tunamwita fundi akikaze, hatumwambii mwenyewe azoee kulala chini.

Fundi wa huku ni mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga, yaani tiba ya mazoezi ya misuli hiyo. Sehemu nyingi za Uingereza unajiandikisha mwenyewe NHS, huduma ya afya ya serikali, kwa fomu ya mtandaoni, hupiti kwa daktari. Kwenu ikiwa hakuna, daktari atakuandikia. Omba mwanamke, mimi nimeomba kila mara na nimepewa. Mkalimani ni bure, mwombe mapema, usimtafsirishe mumeo mambo haya.

Siku ya kwanza alinihoji tu: nakunywa nini, usiku naamka mara ngapi, choo kikubwa kinapita vipi. Kisha akaniomba ruhusa anipime kwa ndani kwa kidole. Una haki ya kukataa na matibabu yakaendelea, na una haki ya kuwa na mwanamke mwingine chumbani. Mimi nilikubali safari ya pili, na hapo ndipo nilipojua kuwa siku zote nilizodhani nabana, nilikuwa nakaza makalio na kusukuma chini.

Akaniambia nibane kama mtu anayezuia upepo mbele za watu. Sikushika, mpaka nilipokumbuka kisima cha nyumbani. Vuta ndoo juu taratibu, ishike, kisha ishushe mpaka iguse maji. Usiiache ikining'inia njiani, maana kulegeza nako ni sehemu ya zoezi. Pumua kama kawaida. Kipimo kinachopendekezwa Uingereza ni kubana mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Mimi nilifungamanisha na swala, nikitoa salamu nabaki kwenye mswala. Usijizoeze kwa kukatiza mkojo chooni, kibofu hakitajimaliza vizuri. Na kabla ya kukohoa au kumnyanyua mtoto, bana kwanza, kisha nyanyua huku unatoa pumzi.

Wiki sita za mwanzo sikuona kitu. Mwezi wa tatu nikapiga chafya dukani, nikasimama pale pale nikingoja. Hakikutoka kitu. Nililia mbele ya mchele.

Ila usianze kwa video za mtandaoni kabla hujapimwa. Wifi yangu alikuwa na maumivu ya tendo la ndoa na mkojo usiotoka vizuri, akabana na kubana, akazidi kuumia. Kumbe misuli yake ilikuwa imejikaza tayari. Yeye alifunzwa kuilegeza kwa pumzi ya tumbo, kubana akakatazwa.

Mama usimvunje moyo. Kukandwa kwa maji moto kunapendeza na mwili unakuhitaji upumzike. Lakini mkanda unaofungwa kwa nguvu husukuma uzito chini, pale pale palipolegea, kwa hiyo mwombe aulegeze. Kunywa maji, choo kisiwe kigumu, na kahawa uipunguze, kwa wengine huchokoza kibofu.

Udhu: tumefunzwa katika madhehebu yetu ya Shafi kwamba asiyekatikiwa na haja ndogo hujistiri vizuri, akatia udhu kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia. Ya kwako hutoka ukikohoa, si ile, kwa hiyo muulize ustadhi wako.

Neno moja zito. Ikiwa inavuja mfululizo usiku na mchana hata umelala, huenda ni fistula, yaani tundu, na kubana hakuzibi tundu. Hiyo aghalabu hutaka upasuaji, usingoje Leicester, nenda hospitali hapo Amu. Ganzi baina ya mapaja, au kushindwa kabisa kukojoa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, mwambie daktari pia. Mara nyingi hicho nacho husaidiwa na fiziotherapia.

*Kutoka kwa: Mama pacha*

Shukran dada yangu. Haivuji usiku, alhamdulillahi. Fomu nimeiona, nimeshaijaza. Nimemsomea mama maneno yako yote. Mkanda ameufungua mwenyewe. Amekaa kimya kitambo, kisha ameniuliza kwa sauti ya chini kama mazoezi hayo yanamfaa mtu wa miaka 61.

*Kutoka kwa: Dada wa Langoni*

Yanamfaa. Mpe simu leo baada ya magharibi, nizungumze naye mwenyewe.