Udongo wa madini ya risasi Owino Uhuru: kuchimba, kufunika, fosfeti au kupanda?

mjukuu_wa_jomvu:
Wakuu habari zenu. Naileta hii hapa manake kwa kikao cha mtaa tulizungushana masaa mawili na tukatoka mikono mitupu. Wanaoijua Owino Uhuru hapa Mombasa wanajua, kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007 kikafungwa 2014, moshi ukaisha lakini udongo ni ule ule. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wakaenda kortini, 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na mahali pasafishwe ndani ya miezi 4, pasiposafishwa zitolewe milioni 700 za kuifanya hio kazi, kesi ikapanda rufaa mpaka Mahakama ya Juu Desemba 2024 ikaurudisha uamuzi ule. Sasa mi siulizi pesa. Nauliza, kusafisha ni kufanya nini hasa? Mmoja anataka kuchimba kote na kupeleka mbali, mwengine kufunika na kabro (yale matofali ya kutandika njia), kijana mmoja anasema fosfeti (ile ya kwenye mbolea), na kuna mzee ameshikilia tupande alizeti zinyonye sumu. Mama yangu anakaa karibu na pale kiwanda kilipokuwa, asubuhi akifagia uwanja kwa fagio la chelewa vumbi linaingia mpaka mdomoni mwa mtungi, na mjukuu wake wa miezi tisa anatambaa hapo hapo, akiinuka viganja vyekundu vya udongo vinaenda moja kwa moja mdomoni. Nataka nikirudi kikaoni niwe na la kusema.

Udongo_Moro:
Pole sana dada. Hio ya alizeti itoeni kabisa, namheshimu mzee lakini risasi inashikana na udongo vibaya sana, mmea unanyonya kidogo mno, utapanda na kuvuna mpaka huyo mtoto awe na wajukuu. Kuna wanaoisukuma kwa dawa kama EDTA ili ilegee mizizi iivute, ikilegea mvua ya masika inaiteremsha visimani, umehamisha tatizo tu. Na hayo mabua utayapeleka wapi, mbuzi si watayala?
Fosfeti ndo jambo la maana kidogo. Risasi ikikutana na fosfeti inageuka aina ya jiwe ambalo tumbo la mtoto haliliyeyushi kirahisi, kwahiyo hata akila udongo inayoingia kwenye damu inapungua. Mtaa wa South Prescott kule Oakland, California, 2011 walichanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye nyua za watu kwa sababu hio hio. Sisi huku tuna mwamba wa fosfeti Minjingu, Manyara, na mifupa ya sangara Mwanza inatupwa kila siku, so malighafi sio shida. Shida ni mbili. Kwanza risasi inabaki pale pale, ukipima jumla yake namba haishuki, kilichobadilika ni umbo lake. Pili kwenye betri za zamani risasi huchanganywa na antimoni (ya kuikaza) na aseniki kidogo, nayo aseniki ni sumu, na fosfeti inaweza kuifukuza aseniki ikatoka kwenye udongo ikaingia kwenye maji. Pimeni aseniki kabla hamjamwaga hata gunia moja.

fundi_kabro:
Mimi niko upande wa kabro, na sio kwa sababu ndo kazi yangu. Hebu piga hesabu ya kuchimba kote. Eka moja ni karibu mita za mraba 4,000, ukishuka sentimita 30 hizo ni kyubiki mita 1,200, uzito kama tani 1,800, kwa tipa ya tani 18 ni tripu 100 kwa eka moja tu, zote zinapita kwa njia za mtaa zikimwaga vumbi. Alafu zinaenda wapi? Mwakirunge ni dampo la wazi, kuna watu wanaokota chupa pale na watoto wao. Nyinyi mtakuwa mumepona na wao waugue. Bora uweke kitambaa cha jiotekstaili cha rangi kali, juu yake udongo safi sentimita 30, ama mchanga na kabro mahali watu wanapita. Ile rangi ni ya kumwonya atakayekuja kuchimba baadaye.

Nesi_Pwani:
Fundi nakusikia lakini ngoja. Wale watoto waliopimwa damu 2015, wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita, na wa mtaa wa Bangladesh (Bangladesh ya hapa hapa Mombasa) 3.7. Udongo nao, wastani wa Owino Uhuru kama miligramu 146 kwa kilo, wa Bangladesh kama 11. Sasa angalieni hapa. Marekani kwa miaka mingi walitumia miligramu 400 kwa kilo kama kiwango cha mahali watoto wanachezea, 2024 ndo wakashusha kuanzia uchunguzi kwenye 200. Ina maana mtu anaweza kuja na ule wastani wa 146 akawaambia mko salama, na mtoto hali wastani, anakula udongo wa ule uwanja wao. Msikubali wastani wa mtaa mzima. Pimeni uwanja kwa uwanja, kuna kile kipimo cha mkononi kama bunduki, unakiweka juu ya udongo dakika moja hivi kinakupa namba.
Na kuchimba sio lazima sentimita 30. Zamfara, Nigeria, 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi vijiji vya wachimba dhahabu. Kule waliondoa udongo wa juu kama sentimita 5 pale palipozidi miligramu 1,000 kwa kilo, kwa majembe, wanakijiji wenyewe wakifanya kazi, wakarudishia udongo safi, vijiji 8. Madaktari walikuwa wakisubiri kijiji kisafishwe ndo waanze dawa ya kutoa risasi mwilini, manake kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi bure. Hilo linaniuma mpaka leo.

fundi_kabro:
Sentimita 5 hapo sawa, eka moja inakuwa tani 300, tripu kama 17. Hio nakubali.

lushois_243:
Niko Lubumbashi, Congo. Hapa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911 wakati wa kampuni ya Union Minière, baadae ikawa kampuni ya serikali Gécamines, mlima wa taka nyeusi na lile bomba refu unaviona toka mbali. Upepo ulikuwa unasukuma moshi upande wa kaskazini-magharibi, kule Penga Penga udongo ukabaki uchi miaka na miaka, hata majani hayaoti, mvua ikinyesha unabebwa. Watu wa Université walijaribu chokaa na mboji alafu nyasi zinazostahimili shaba, moja inaitwa Microchloa kunthii, ni fupi kama nywele za mtoto, ilikuwa imeanza kuota yenyewe. Zile nyasi hazitoi shaba, kazi yake ni kushika udongo usiruke. Kwa hiyo huyo mzee wa alizeti msimfukuze kikaoni, muambieni kupanda ndiyo, lakini kwa ajili ya vumbi, na pawe mahali hakuna watoto. Kiangazi nyasi zinakauka, ujue hilo pia.

dereva_tunduma:
Napita Kabwe, Zambia, kila mwezi na lori. Mgodi na kiwanda cha risasi vilifungwa 1994, pesa za Benki ya Dunia zimeingia zaidi ya mara moja kusafisha, lakini ule mlima wa taka bado uko wazi, watu wanachimba juu yake na upepo wa Agosti unaupeleka kwenye nyumba. Uwanja uliosafishwa unachafuliwa tena. Kwahiyo dada kikaoni uliza hivi kwanza, pale kiwanda kilipokuwa penyewe pamefungwa vipi? Msipoanzia hapo mnafagia kuelekea upepo.

mjukuu_wa_jomvu:
Asanteni jamani, nimeandika zote. Kwahiyo nikienda naenda na hii: kwanza eneo la kiwanda lizibwe, alafu kila uwanja upimwe, palipo pabaya udongo wa juu uondolewe na shimo la kuuzika lijulikane kabla jembe halijaingia, mahali pengine udongo safi na kabro, fosfeti baada ya kupima aseniki, nyasi kando. Swali moja, nyumba ya mama ni ya udongo, kuta zilikandikwa na udongo wa uwanja ule ule mwaka 2011. Sasa?

fundi_kabro:
Usibomoe, ukibomoa unatimua vumbi. Lowesha ukuta, piga plasta ya simenti ndani na nje, na sakafu piga simenti pia. Mabati yaoshwe kabla ya mvua, hayo maji yasiingie mtungini.

Nesi_Pwani:
Na uwanja msichimbe wenyewe saa hii, hamna pa kuupeleka. Mama anyunyize maji kabla ya kufagia, mtoto awekewe turubai na mkeka juu yake, viganja vioshwe kwa sabuni kila akitaka kula. Damu yake imewahi kupimwa?

mjukuu_wa_jomvu:
Bado. Nampeleka Jumatatu.