Mama ana moyo mkubwa, miguu imevimba tena, tuko Ukerewe

binti_nansio: Habari zenu wapendwa. Mama ametoka wodini wiki 2 zilizopita, moyo unashindwa kusukuma damu, katika kutoka tulipewa tu dawa za kukojoa na za presha hakuna aliyekaa na sisi akatuelekeza. Sasa viatu havimwingii na usiku anaomba mto wa tatu wa kulalia. Nisubiri kliniki au tupande meli?

nesi_wa_zamu: Pole dada. Mto wa tatu sio wa kusubiri, maji yanarudi kwenye mapafu, mpeleke hospitali hapo Nansio leo leo, wakiona inabidi watawapa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko kama sekunde 5, pakibaki shimo waambie limefika wapi, kifundoni au gotini. Na dawa anakunywa kweli? Wengi wanaziacha kimyakimya sababu ya kukojoa njiani. Akirudi mpime uzito kila asubuhi akishakojoa kabla ya chai, andika kwenye daftari, kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3 rudini.

mvuvi_kirumba: Baba yangu kilichokuwa kinamrudisha wodini ni kayabo jamani, wale samaki wakavu wa chumvi, chumvi tupu ile, hata tukiiloweka

nesi_wa_zamu: Kweli kabisa kaka, na magadi kwenye maharage pia. Diklofenaki za dukani za kutuliza miguu asiguse.

binti_nansio: Nimembonyeza, shimo limebaki. Tunatoka sasa hivi